Kijana wa futiboli asiye na nyota: ajilete chuo kikubwa, akubali FCS, au apitie chuo cha miaka miwili?

Kila Desemba, siku za kutia saini zinapofika, sekondari za Marekani hupanga meza, kofia za vyuo na kamera kwa ajili ya vijana wachache. Wengine, wenye video nzuri na kocha anayewasifu, hurudi darasani mikono mitupu. Haya ni ya hao wa pili, na hasa ya wazazi waliohamia Des Moines, Columbus au Dallas wakitokea Nairobi, Bukavu au Kigoma. Futiboli ya Kimarekani wameikuta ukubwani, na sasa kijana anawataka waamue jambo ambalo hata wenyeji linawasumbua.

Njia zinazobaki ni tatu hasa. Ya kwanza ni kujileta: kijana anaingia chuo kikubwa cha daraja la juu, FBS, kama mwanafunzi wa kawaida anayejilipia, kisha anaomba nafasi kikosini. Ya pili ni kukubali ufadhili, hata ukiwa nusu, wa chuo cha FCS, daraja linalofuata chini yake. Ya tatu ni chuo cha jamii cha miaka miwili, halafu ahame. Msimamo wangu niuseme mapema: tangu 2025, kwa vijana wengi njia ya pili ndiyo bora. Ile ya kwanza, yenye hadithi tamu kuliko zote, imebaki ya wachache wenye pesa na wenye bahati ya kuishi karibu.

Kwa nini skauti hukosea

Nyota wanazopewa vijana si upuuzi. Tovuti ya 247Sports, inayopima vijana wa sekondari, huwapa nyota tano vijana wapatao 32 tu kwa mwaka, idadi inayolingana na nafasi za raundi ya kwanza ya drafti (uteuzi wa kila mwaka wa wachezaji wapya) ya NFL, ligi ya kulipwa, na wengi wao kweli hufika mbali. Shida ni kwamba kipimo chenyewe huchukuliwa kijana akiwa na miaka 16 au 17. Carson Wentz alianza sekondari huko Bismarck, North Dakota, akiwa na urefu wa futi 5 na inchi 8. Alipomaliza alikuwa futi 6 na inchi 5. Skauti aliyemwona mwaka wa kwanza hakuwa na sababu ya kurudi.

Kuna pia suala la mahali. Leighton Vander Esch alisoma Riggins, kijiji cha milimani Idaho, ambako shule ni ndogo kiasi kwamba timu inaingiza wachezaji wanane badala ya kumi na mmoja. Kocha wa chuo akiangalia video ya namna hiyo hajui alinganishe na nini. Na kuna mfumo wa timu: Cam Ward alikuwa kwotabeki (mrushaji mkuu wa mpira) wa sekondari ya Texas iliyokuwa inakimbiza mpira karibu muda wote. Mkono alikuwa nao, nafasi ya kuuonyesha hakuwa nayo.

Ukiwafuatilia vijana wa aina hii waliofika kikosi cha kwanza, unakuta mambo matatu yakijirudia: jimu na chakula cha kutosha kwa miaka miwili au mitatu, kocha mwenye ujasiri wa kumbadilishia nafasi ya kuchezea, na subira ya pande zote mbili. Chuo kikubwa, kidogo, cha bure au cha kulipia, kipime kwa hayo. Jina lililoandikwa kwenye helmeti halimwongezei mtu kilo hata moja.

Karakana inayojulikana zaidi kwa kazi hii ni chuo kikuu cha Iowa. Kirk Ferentz ni kocha mkuu pale tangu 1999, na huo utulivu peke yake ni nusu ya siri. Robert Gallery aliingia akiwa taiti endi (mpokeaji wa pembeni mwa mstari); akageuzwa mlinzi wa kwotabeki, akashinda tuzo ya Outland 2003 na kuchaguliwa wa pili katika drafti nzima ya 2004. Dallas Clark alijileta, akaanza kama lainbeka (mlinzi wa nyuma ya mstari), akahamishwa kuwa taiti endi, akatwaa tuzo ya John Mackey 2002. Chad Greenway alitoka Mount Vernon, South Dakota, kwenye futiboli ya wachezaji tisa, akawa chaguo la raundi ya kwanza 2006. Tyler Linderbaum aliingia kama mchezaji wa mstari wa ulinzi, akahamishiwa katikati ya mstari wa mashambulizi, akashinda tuzo ya Rimington 2021. Josey Jewell wa Decorah alipata ofa dakika za mwisho, akamaliza 2017 akiwa All-American, yaani kwenye orodha ya wachezaji bora wa vyuo nchini, kwa kauli moja.

Mzazi Mwafrika akisoma orodha hiyo asiishie hapo. Juni 2020 wachezaji wengi weusi waliopita Iowa walijitokeza kueleza jinsi walivyotendewa kwa misingi ya rangi. Uchunguzi wa nje ukaona kwamba taratibu za timu ziliendeleza upendeleo wa rangi, kocha mkuu wa mazoezi ya nguvu akaondoka mwezi huohuo, na 2023 kesi iliyofunguliwa na baadhi yao ikamalizwa kwa fidia. Maana yake kwako ni kwamba kumuuliza kocha "mtamfanya awe na kilo ngapi?" hakutoshi. Tafuta wachezaji weusi waliomaliza pale, hasa wale ambao hawakufika NFL, uzungumze nao.

Kujileta: hadithi tamu, mlango mwembamba

Hakuna anayekataa kwamba njia hii imetoa watu. Wisconsin, tangu enzi za Barry Alvarez aliyefundisha pale 1990 hadi 2005, imekuwa ikiwakaribisha vijana wa jimboni wasio na ufadhili. Jim Leonhard alitokea kijiji kiitwacho Tony, hakupewa ufadhili mwanzoni, akawa All-American mara tatu. J.J. Watt aliacha ufadhili halisi Central Michigan, ambako alikuwa taiti endi, akaenda Wisconsin bila chochote, na katika kipindi cha kusubiri akafanya kazi ya kupeleka piza. Mwaka 2011 akachaguliwa wa 11 katika drafti, na baadaye akawa mlinzi bora wa NFL mara tatu. Vander Esch naye alijileta Boise State; 2017 alimaliza msimu akiwa amewakaba na kuwaangusha wapinzani mara 141, na mwaka uliofuata timu ya Dallas ikamchagua wa 19.

Ipo hata tuzo maalumu ya walioanza kwa kujileta, Burlsworth, inayotolewa tangu 2010 kwa kumbukumbu ya Brandon Burlsworth wa Arkansas, aliyefariki ajalini 1999 siku chache tu baada ya kuchaguliwa na Colts, timu ya NFL. Baker Mayfield aliipata mara mbili. Stetson Bennett pia mara mbili.

Lakini tunawajua kwa majina kwa sababu ni wachache. Na kanuni zimebadilika. Zamani FBS ilikuwa na kikomo cha ufadhili 85 kwa timu, bila kikomo kigumu cha idadi ya wachezaji, hivyo vikosi vya watu zaidi ya 120 vilikuwa jambo la kawaida. Hao wa ziada ndio waliojileta. Juni 2025 mahakama iliidhinisha suluhu ya kesi ya House dhidi ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo. Chuo kilichoikubali sasa kina kikomo cha wachezaji 105 kwa jumla, na kikitaka kinaweza kuwafadhili wote. Waliokuwamo tayari waliwekewa utaratibu wa kuwalinda. Kijana wa kidato cha mwisho leo hana ulinzi huo, na nafasi alizokuwa anazinyemelea zimefutwa.

Tena siku hizi kocha mwenye pengo hatazami benchi lake kwanza. Anafungua soko la uhamisho, lililoanza Oktoba 2018 na kulegezwa zaidi 2021 na 2024, anamleta mtu wa miaka 22 aliyekwisha kucheza misimu miwili kwingine. Aliyejileta anaweza kufanya kila kitu sawasawa kwa miaka mitatu, na nafasi yake ikachukuliwa Januari na mtu asiyemjua.

FCS: kijana anacheza

FCS kwa kawaida ilikuwa na ufadhili 63 unaoweza kugawanywa vipande, ndiyo maana utasikia ofa za nusu au robo. Wazazi wengi hukasirika kidogo wakisikia "robo". Wasikasirike. Kinachotazamwa ni makocha wale wamejifunga vipi: timu iliyotoa pesa, hata kidogo, ina sababu ya kumsubiri kijana akue.

Wentz ndiye mfano unaofundisha zaidi. North Dakota State ilishinda ubingwa wa FCS miaka mitano mfululizo, 2011 hadi 2015, naye alikuwapo yote mitano. Miaka ya mwanzo alikaa nyuma ya Brock Jensen, akala, akanyanyua vyuma, akajifunza mfumo. Misimu miwili ya mwisho ndiyo alianza. Mwaka 2016 akawa chaguo la pili la drafti. Cooper Kupp wa Yakima alimaliza sekondari karibu bila ofa. Eastern Washington ikamchukua, na kwa misimu minne akapokea pasi 428, yadi 6,464 na tachidauni (kufikisha mpira mwisho wa uwanja) 73, rekodi za FCS. Februari 2022 akawa mchezaji bora wa Super Bowl, fainali ya NFL.

Kisha yuko Cam Ward. Hadithi yake inaonyesha jinsi soko lilelile la uhamisho linalomuumiza aliyejileta linavyomnufaisha wa FCS. Alikwenda Incarnate Word, San Antonio, akaanza kucheza mara tu alipofika, akaonekana. Akamfuata kocha wake Washington State, akahamia Miami, na 2025 Tennessee wakamchagua wa kwanza kabisa. Aliyeanza mechi 20 FCS ana video ya kuuza. Aliyekaa miaka miwili pembeni ya uwanja wa chuo kikubwa ana picha na jezi.

Ubaya upo. Viwanja ni vidogo, safari nyingi ni za basi, na timu nyingi hazina mtaalamu wa lishe wa kumfuata kila mchezaji. Kocha mzuri wa FCS huchukuliwa haraka na wakubwa: Craig Bohl aliyeijenga North Dakota State aliondoka kwenda Wyoming baada ya ubingwa wa tatu. Halafu kuna FCS na FCS. South Dakota State na Montana State si sawa na timu inayoshinda mechi mbili kwa mwaka na kubadilisha kocha kila baada ya miaka mitatu. Hiyo ya pili haina la kumfundisha mtu.

Chuo cha miaka miwili

Hapa nina huruma ya pekee, kwa sababu ndiyo njia ya kijana aliyefika Marekani akiwa na miaka 14 au 15. NCAA, kwa daraja la kwanza, inadai masomo ya msingi 16 na wastani wa alama (GPA) wa 2.3, na 10 kati ya masomo hayo yawe yamekamilika kabla ya muhula wa saba wa sekondari. Aliyetumia mwaka mzima kujifunza Kiingereza kambini au mjini anaweza kuwa na akili, mwili na kasi, na bado hesabu hiyo ikamkatalia. Chuo cha jamii kinamhitaji awe na cheti cha sekondari. Anapata muda wa kurekebisha alama huku anacheza.

Josh Allen wa Firebaugh, California, hakupata ofa hata moja ya daraja la kwanza. Akacheza msimu mmoja Reedley, akatuma barua pepe kwa makocha nchi nzima, Wyoming ikamjibu. 2018 alichaguliwa wa saba. Aaron Rodgers alikuwa Butte mwaka 2002, na kocha wa chuo kikuu cha California aliyemgundua alikuwa amekuja kumtazama mchezaji mwingine. Michael Bishop alitoka Blinn, Texas, akaenda Kansas State ya Bill Snyder na kuwa wa pili katika kura za Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, 1998. Snyder aliichukua timu iliyokuwa haijashinda mechi 27 mfululizo, na vijana wa vyuo vya miaka miwili walikuwa sehemu kubwa ya dawa yake.

Angalia jimbo. Vyuo vya jamii vya California havitoi ufadhili wa michezo kabisa. Vya Kansas, Mississippi, au Iowa Western ya Council Bluffs, mabingwa wa 2022 na 2023, vinaweza kutoa. Na usikubali kijana ajiandikishe masomo mepesi ili tu abaki kikosini: asiyetimiza masharti ya mwanzo atadaiwa wastani wa 2.5 na krediti zinazohamishika, na hapo ndipo wengi hukwama, wakiwa wazuri uwanjani na bure karatasini. Kuhusu miaka ya chuo cha jamii kuhesabiwa au kutohesabiwa, kesi ya Diego Pavia ya Desemba 2024 ilifungua mlango kwa wengine, ila mambo bado yanabishaniwa mahakamani. Usipange maisha juu yake.

Zikiwekwa pamoja

Pesa kwanza. Kujileta katika chuo kikuu cha jimbo unaloishi hugharimu karibu dola 30,000 kwa mwaka pamoja na malazi na chakula. Nje ya jimbo hupita 50,000. Ratiba ya mazoezi inamnyima kijana kazi ya maana ya kibarua. FCS kwa ufadhili wa nusu hupunguza mzigo huo sana, na chuo cha jamii ndicho nafuu kuliko vyote. Njia zote tatu zinaruhusu kuomba msaada wa serikali kwa fomu ya FAFSA: ruzuku ya Pell ilifika dola 7,395 kwa mwaka wa masomo 2025 hadi 2026, na wakimbizi pamoja na wenye kadi ya kijani wanastahili kuomba. Aliyeko kwa viza ya mwanafunzi hastahili, tena awe mwangalifu na malipo ya matangazo kwa jina lake. Azungumze na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kutia saini chochote.

Kucheza lini? Chuo cha jamii, mwaka wa kwanza. FCS, mwaka wa pili au wa tatu mambo yakienda sawa. Aliyejileta, huenda mwaka wa nne, huenda kamwe. Jimu bora iko chuo kikubwa, hilo halina ubishi, na aliyejileta anaitumia sawa na wenzake. Lakini muda wa kocha haugawanywi kama vyuma. Na ukikwama? Wa chuo cha jamii anahama kwa kawaida tu, ndivyo njia ilivyoundwa. Wa FCS anahama akiwa na mechi mkononi. Aliyejileta anahama akiwa na deni.

Iko njia ya katikati ambayo wazazi huipita bila kuitazama: vyuo vidogo vya FBS vyenye sifa ya kulea. Boise State ilimchukua Kellen Moore wa Prosser, Washington, ambaye wakubwa walimwona mfupi na mwenye mkono dhaifu, akaondoka na ushindi 50 na vipigo 3 kama kwotabeki wa kuanza. Ni hukohuko Rees Odhiambo, mzaliwa wa Kenya aliyekulia Texas, alicheza mstari wa mashambulizi hadi 2015, kisha Seattle wakamchagua raundi ya tatu. Buffalo ilimlea Khalil Mack hadi chaguo la tano la 2014. Ofa ya chuo cha aina hiyo ikija, hata Januari baada ya wengine wote kutia saini, ipokee.

Ningeamuaje mimi? Kijana mnene wa mstari, ambaye bado anakua na anahitaji kilo 20 zaidi: FCS imara au FBS ndogo, na amwambie kocha wazi kwamba yuko tayari kukaa mwaka wa kwanza nje bila kupoteza msimu. Kanuni inampa miaka mitano ya kucheza misimu minne, na tangu 2018 anaweza kuonja mechi nne bila kuhesabiwa. Kwotabeki ambaye timu yake ya sekondari haikurusha mpira: FCS inayorusha, na ikikosekana, chuo cha jamii. Mwenye alama mbovu hana haja ya kubishana, chuo cha jamii. Ajilete yule tu ambaye chuo kikubwa kiko jimboni kwake, familia inaweza kulipa hata asipocheza dakika moja, na kocha amemhakikishia kwa maandishi nafasi ndani ya wale 105. Vyuo vya daraja la pili na la tatu ni vizuri kwa anayetaka shahada na mchezo kwa pamoja; Ryan Ramczyk alipitia kimoja cha daraja la tatu kabla ya Wisconsin na raundi ya kwanza ya 2017, ingawa huyo ni mmoja.

Mkifika chuoni kutembelea, kijana atatembezwa vyumba vya kubadilishia nguo na kuvishwa jezi apigwe picha. Mzazi, wewe muulize kocha wa nafasi yake maswali haya: kati ya wanaoanza sasa, wangapi waliingia hapa moja kwa moja kutoka sekondari na wangapi mmewaleta kutoka kwingine? Nani hapa alibadilishwa nafasi, na alichukua muda gani kuanza? Mkataba wako wewe, kocha, unaisha lini? Akikujibu la kwanza kwa majina na miaka bila kutazama karatasi, endeleeni kuzungumza.